Uchungaji wa dakika tano: tathmini ya huduma ya Universal Life Church

Anayetaka kufungisha ndoa ya rafiki yake Houston au Minneapolis hahitaji kupita seminari. Hufungua tovuti ya Universal Life Church Monastery, yenye makao yake Seattle, akajaza jina lake la kisheria, barua pepe na anwani, akabofya, akawa mchungaji. Halipi kitu, na uchungaji huo hauna tarehe ya kuisha. Hakuna mtihani wala usaili, na hakuna atakayemuuliza anasali wapi. Kwa kazi hiyo moja ya kufungisha ndoa ndani ya Marekani, huduma hii inatosha katika majimbo mengi. Ikija habari ya kodi, viza ya kidini, au kufungisha ndoa Dar es Salaam na Nairobi, cheti chake kinafaa kutundikwa ukutani tu.

Tofauti hiyo ndiyo inayowaangusha wateja wengi, kwa sababu tovuti za aina hii hazina haraka ya kuieleza.

Kwanza jina, maana linachanganya. Universal Life Church ya asili iko Modesto, California. Iliandikishwa mwaka 1962 na Kirby Hensley, mhubiri aliyetoka kwa Wabaptisti. Ile ya Seattle, yenye neno "Monastery" mwishoni, ilijitenga na Modesto mwaka 2006, na sasa ni taasisi mbili zisizo na uhusiano wa kiutawala. Ya tatu inayotajwa sana ni American Marriage Ministries, nayo ya Seattle, iliyoanza 2009 na kujikita kwenye ndoa peke yake. Zote tatu hutoa uchungaji bure. Kabla ya kununua chochote angalia uko kwenye tovuti ipi, kwa kuwa jina la kanisa litakaloandikwa kwenye leseni ya ndoa lazima lifanane na lililo kwenye cheti.

Wanachouza ni karatasi: cheti chenye muhuri, barua ya kuthibitisha kwamba wewe ni mchungaji wao mwenye hadhi njema, kitambulisho cha kuweka kwenye pochi, stola, stika ya gari, hata vitabu vya kuongozea ibada ya ndoa. Katika rundo hilo vitu vya lazima ni viwili tu, cheti na barua ya hadhi njema, na hivyo navyo ni vya lazima pale ambapo kaunti au jimbo linavidai. Vifurushi vikubwa vinapendeza kwa picha. Karani wa kaunti hatakuuliza stola yako iko wapi.

Kwa nini serikali haiwafungii?

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yanalikataza Bunge kuanzisha dini au kuwazuia watu kuabudu, lakini hayasemi popote dini ni nini. Mwaka 1890, katika kesi ya Davis v. Beason, Mahakama ya Juu ilijaribu kuieleza: dini ni mtazamo wa mtu kuhusu uhusiano wake na Muumba, pamoja na wajibu unaotokana nao. Maelezo hayo hayakufika mbali. Mwaka 1944, katika kesi ya Ballard, mahakama hiyo hiyo ilisema jopo linaloamua kesi halina ruhusa ya kupima kama imani ya mtu ni ya kweli. Linaloruhusiwa kupima ni kama ana nia safi. Mwaka 1961, katika Torcaso v. Watkins, ilikumbusha kwamba Ubuddha na Utao ni dini ingawa hazifundishi habari za Mungu kama Wakristo wanavyomwelewa. Kisha 1965, katika kesi ya Seeger iliyohusu vijana waliokataa kwenda jeshini, ikatosha kwamba imani hiyo inashika katika maisha ya mtu nafasi ile ile ambayo Mungu anaishika kwa muumini wa kawaida.

Kanisa la Modesto lilipenya kwenye mwanya huo. Fundisho lake kuu ni kutenda lililo sawa, na kila mtu ajiamulie lililo sawa ni lipi. Mwaka 1974 jaji wa mahakama ya shirikisho ya California ya Mashariki alilipatia ushindi dhidi ya mamlaka ya kodi, IRS, akisema si kazi ya mahakama kupima uzuri au upungufu wa dini. Mashabiki wa kanisa hili huishia hapo wanaposimulia historia yake. Mwaka 1984 IRS ililifutia msamaha wa kodi, na mwaka 1987 mahakama ya madai ikakubaliana na IRS. Sababu haikuwa imani yao. Kanisa lilikuwa limejikita mno kuwafundisha watu mbinu za kukwepa kodi.

Kwa hiyo sheria haimuulizi mtu kama dini yake ni ya kweli, ila kila sheria inayotaja neno "mchungaji" ina swali lake. Sheria ya ndoa huuliza nani alikupa mamlaka. Ya kodi huuliza unafanya kazi gani, na ya uhamiaji inataka kujua ulisoma nini, chini ya nani. Universal Life Church imejibu swali la kwanza peke yake.

Jinsi ya kuitumia kwenye ndoa

Maharusi ndio wanaochukua leseni ya ndoa kwa karani wa kaunti au wa mji, si mchungaji. Leseni hiyo ina muda wa kusubiri na muda wa kuisha. Texas ni saa 72 za kusubiri na siku 90 za uhai. New York ni saa 24 na siku 60, na jimbo la Washington siku 3 na siku 60. California haina kusubiri, na leseni yake huishi siku 90. Leseni hutumika ndani ya jimbo lililoitoa tu. Wanaochukua leseni ya New York huku ukumbi wa sherehe uko ng'ambo ya mto, New Jersey, wanafunga ndoa isiyo na leseni, na kosa hilo hutokea kuliko watu wanavyodhani.

Mfungishaji naye ana yake. Texas na California hazina daftari la wachungaji: ukishawekwa wakfu unaendelea na kazi, ila tunza cheti. Ohio inataka leseni ya mfungishaji kutoka kwa Katibu wa Jimbo, ada dola 10, na uwe nayo kabla ya sherehe. Minnesota inataka uwasilishe hati zako kwenye ofisi ya kaunti. Nevada inadai kibali cha karani wa kaunti, na Hawaii leseni ya Idara ya Afya. Jiji la New York linataka ujiandikishe kwa Karani wa Jiji. Jimbo linalodai usajili ndilo mahali pa kununua barua ya hadhi njema, na inunue mapema, kwa kuwa posta haina habari kwamba harusi ni Jumamosi.

Siku yenyewe sheria inadai mambo machache: maharusi wawepo, kila mmoja atamke mbele ya mfungishaji kwamba anamkubali mwenzake, na mashahidi wawepo pale wanapotakiwa. Washington inataka wawili, New York angalau mmoja, Texas haidai hata mmoja. Mengine yote, kuanzia pete na mishumaa hadi wimbo wa kuingilia, ni mapambo mbele ya sheria.

Kisha huja kujaza leseni, na hapa ndipo wachungaji wa mtandaoni huharibu. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako na kwenye cheti. Ukijiandikisha kanisani kwa jina la utani au kwa jina la mume ambalo halimo kwenye pasipoti, utakuwa umejitengenezea maswali. Penye cheo andika "Minister", si "Bishop" wala "Apostle", hata kama tovuti ilikuuzia cheo hicho. Tumia wino mweusi. Ukikosea usifute wala usipake rangi nyeupe: piga simu kwa karani uulize utaratibu wa nakala nyingine, maana leseni iliyochafuliwa hurudishwa. Halafu irudishe kwa wakati. New York ni ndani ya siku 5 baada ya sherehe, California siku 10, Texas, Ohio na Washington siku 30. Mwenye jukumu la kuirudisha kwa kawaida ni mfungishaji, si bwana harusi aliyekwisha kupanda ndege kwenda fungate.

Mahali inapokwama

Hapa ndipo nyota zinapoanza kupungua. Virginia iliamua mwaka 1974, katika kesi ya Cramer, kwamba kanisa ambalo kila mtu anaweza kuwa mchungaji wake kwa kuomba tu halina mchungaji kwa maana iliyokusudiwa na sheria ya ndoa ya jimbo hilo. Hadi leo mchungaji anayetaka kufungisha ndoa Virginia humwendea karani wa mahakama ya mzunguko akiwa na ushahidi wa kuwekwa wakfu na wa kuwa mshiriki wa kudumu wa jumuiya yake ya kidini. Kama rafiki yako anaoa Alexandria au Arlington, usimpe jibu kabla hujaongea na karani.

North Carolina ina kesi ya ajabu zaidi. Mwaka 1980 mahakama kuu ya jimbo ilimwachia mtu aliyeshtakiwa kuoa wake wawili, kwa sababu ndoa yake ya kwanza ilifungishwa na Mkatoliki mlei aliyenunua cheti cha Universal Life Church kwa njia ya posta. Mahakama ilisema hiyo haikuwa ndoa. Bunge la jimbo lilishtuka, likapitisha sheria ya kuhalalisha ndoa za namna hiyo zilizofungwa kabla ya tarehe 3 Julai 1981. Zilizokuja baadaye hazikutajwa.

New York ina sura mbili. Sheria yake inamtambua mchungaji wa dini yoyote, na ufafanuzi wake unataja kwa majina padri, rabi, swami, guru, imamu, hata maulana, pamoja na mtu yeyote aliyepewa mamlaka na kanisa lake kuongoza mambo yake ya kiroho. Mwaka 1989, katika kesi ya Ranieri, kitengo cha mahakama ya rufaa kinachohudumia Brooklyn, Queens na Long Island kilitangaza batili ndoa iliyofungishwa na mchungaji wa Universal Life Church. Mwaka 2013 kitengo kingine cha mahakama hiyo, katika kesi ya Oswald, kilikataa kuhukumu kwa jumla, kikaagiza ushahidi usikilizwe. Hivyo ofisi ya karani inaweza kukupokea leo, na miaka kumi baadaye wakili wa upande wa pili akaifukua Ranieri.

Tennessee ndiyo yenye lugha kali kuliko zote. Sheria yake inamtaka mchungaji awe na dhamana ya kuchunga roho za watu, na awe amewekwa wakfu kwa tendo lililofikiriwa na kupimwa kwa uangalifu. Mwaka 2019 waliongeza sentensi moja iliyo wazi: waliopata uchungaji mtandaoni wasifungishe ndoa. Kanisa la Seattle lilikwenda mahakama ya shirikisho, na utekelezaji wa kifungu hicho ukasimamishwa kwa muda. Utah ilijaribu jambo la karibu na hilo mwaka 2001, na mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho ikaliangusha, kwa hoja kwamba hakuna sababu ya msingi ya kumtenga aliyewekwa wakfu kwa intaneti. Mississippi iliwakubali wachungaji wa Universal Life Church tangu 1988.

Nani huumia? Mara nyingi si mfungishaji. Hoja ya ndoa batili huibuka kwenye talaka, pale mmoja anapotaka kukwepa kugawana nyumba, au kwenye mirathi, pale ndugu wa marehemu wanapomkataa mjane. Kwa wahamiaji kuna hatari ya ziada: mamlaka ya uhamiaji hupima ndoa kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Ombi la I-130 la kumleta au kumhalalisha mwenzi linasimama juu ya ndoa hiyo, na ndoa ikiwa na ufa ombi nalo lina ufa. Illinois na majimbo mengine kadhaa yana kinga: ndoa haibatiliki kwa sababu mfungishaji hakuwa na sifa, ilimradi mmoja wa maharusi aliamini kwamba anazo. Usiichukulie kwamba iko kila mahali.

Kodi

Kuna watu bado wanauziwa hadithi kwamba ukishakuwa mchungaji, nyumba yako ni kanisa na mshahara wako haukatwi kodi. Miaka ya 1970 wamiliki wengi wa ardhi wa Hardenburgh, mji mdogo wa milimani New York, walijifanya wachungaji wa Universal Life Church ili kukwepa kodi ya majengo. Hadithi hiyo ilianzia huko na haijafa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mahakama ya kodi imelithibitisha hilo kwa kesi nyingi za watu waliojiita kanisa wakiwa na waumini wachache tu, mke na watoto wakihesabiwa pamoja.

Sheria ya kodi haifafanui "kanisa". Ni kweli kanisa halilazimiki kujaza fomu 1023 kuomba msamaha, wala fomu 990 kila mwaka. Lakini IRS ikija kuuliza, ina vigezo 14 ilivyovitangaza mwaka 1978: kuwa na uhai wa kisheria, imani na ibada inayotambulika, uongozi wa kikanisa, kanuni za mafundisho na nidhamu, historia, washirika wasio wa kanisa jingine, wachungaji waliosomea, maandiko yake, mahali pa ibada, waumini wa kudumu, ibada za mara kwa mara, shule ya Jumapili, na kadhalika. Si lazima vyote vitimie. Mahakama huangalia zaidi kama kuna watu wanaokutana kuabudu pamoja. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikataa kuiita kanisa taasisi iliyohubiri kwa redio na intaneti, kwa sababu wasikilizaji wake hawakukusanyika.

Kwa mchungaji mwenyewe, kipimo ni kazi. Awe amewekwa wakfu, amepewa leseni au ameidhinishwa na kanisa, kisha awe anatoa sakramenti, anaongoza ibada au anasimamia taasisi ya kidini. Hapo ndipo posho ya nyumba isiyokatwa kodi, ya kifungu cha 107 cha sheria ya kodi, inapopatikana, na ndipo anapoweza kuomba kwa fomu 4361 kutokulipa kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, kwa sababu za kiimani. Fomu hiyo ina mwisho: tarehe ya kuwasilisha ritani (taarifa ya kodi) ya mwaka wa pili ambao alipata angalau dola 400, sehemu yake ikitokana na uchungaji. Kufungisha ndoa mbili kwa mwaka kwa zawadi ya bahasha hakumfikishi mtu huko. Bahasha hiyo ni kipato, itaje kwenye ritani.

Viza, na nyumbani

Swali linalokuja mara kwa mara: je, cheti hiki kinaweza kusaidia viza ya R-1 ya watumishi wa dini? Hapana. Kanuni za uhamiaji zinamtaka mchungaji awe ameidhinishwa kikamilifu na dhehebu lake na amepata mafunzo kamili kwa viwango vya dhehebu hilo, na zinamtaja mhubiri mlei kuwa si mchungaji. Lazima uwe mshirika wa dhehebu kwa miaka miwili kabla ya maombi. Kanisa la Marekani ndilo linalowasilisha fomu I-129, na kazi iwe angalau saa 20 kwa wiki. Uchungaji wa kubofya haujibu hata kipengele kimoja.

Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka kiongozi wa dini awe na leseni ya Msajili Mkuu, ambayo siku hizi hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kanisa lenyewe liwe limesajiliwa. Kenya nako, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, mchungaji anahitaji leseni ya Msajili wa Ndoa. Rwanda wamekwenda mbali zaidi: sheria yao ya 2018 inadai viongozi wawe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo ya dini. Kwa hiyo usirudi Mwanza au Mombasa na kitambulisho cha Seattle ukafungisha ndoa ya binamu. Utakuwa umemwingiza binamu kwenye matatizo, nawe ukajipeleka mbele ya hakimu.

Ndoa iliyofungwa Marekani ni jambo lingine. Tanzania huitambua ikiwa ilifungwa kwa namna inayokubalika huko, wote wawili walikuwa na sifa za kuoana, na waliridhia kwa hiari. Hapo unachopeleka ni nakala ya hati ya ndoa iliyothibitishwa na ofisi ya serikali iliyoisajili. Cheti kizuri ambacho mchungaji aliwasainia maharusi ukumbini si hati hiyo, hata kikiwa na muhuri wa dhahabu.

Badala yake

Kama jimbo ni Tennessee, Virginia au North Carolina, au kama mmoja wa maharusi ana faili la uhamiaji, huduma hii hatuipendekezi, hata ikiwa bure. Njia salama ni maharusi kufungishwa siku ya kazi na jaji, hakimu au karani, yeyote anayeruhusiwa na sheria ya jimbo hilo, kisha rafiki aongoze sherehe Jumamosi bila kusaini chochote. Tangu Machi 2023 New York ina leseni ya mfungishaji wa siku moja kwa yeyote mwenye miaka 18, isiyohitaji dini kabisa, na California ina utaratibu wa kaunti kumteua mtu kwa siku hiyo. Colorado inawaruhusu maharusi wajifungishe wenyewe. Pennsylvania ina leseni ya asili ya Wakweka (dhehebu la Kikristo la Quaker) isiyo na mfungishaji, yenye mashahidi wawili tu. Unapoiomba, itaje wazi kwa karani, la sivyo utapewa ile ya kawaida.